Meneja Aliyepewa Jokofu

Nilimwonea wivu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya wivu huo ilihusu vitu ambavyo hakuwa navyo.

Wenzangu wa kiwandani wakisoma haya watashangaa. Wao wanakumbuka kwamba nilikuwa mtu wake wa karibu, naibu wake, niliyekaa mkono wake wa kulia katika kila kikao. Ni kweli nilikaa hapo. Kutoka hapo nilikuwa naona vizuri kila alichopewa, na kile nisichokiona nilikijaza mwenyewe.

Jina lake sitaliandika. Sisi tulimwita Meneja tu. Walikuwepo mameneja wengine, wa uzalishaji na wa mauzo, na mimi mwenyewe nilikuwa meneja wa usafirishaji, lakini mlinzi wa getini akisema "Meneja kaingia," hakuna aliyeuliza yupi. Kiwanda chetu kiko pembeni mwa Gungu, jirani na Ujiji. Tunanunua mawese kutoka vijijini, tunayasafisha, tunatengeneza sabuni za miche. Sabuni zinakwenda Kasulu na Kibondo kwa malori, na ng'ambo ya ziwa kwa maboti.

Tuliajiriwa katika mwaka uleule, yeye kwenye ununuzi wa mawese, mimi kwenye malori. Alinizidi miaka minne, lakini sikuwahi kumwamkia shikamoo. Nilijiambia kwamba walioingia kazini pamoja ni rika moja. Meneja Mkuu aliyetutangulia, mzee mpenda suti aliyekuwa akiendesha Land Cruiser nyeupe, alipostaafu, kiwanda kizima kilijua kwamba nafasi ni yangu. Mke wangu alikwishawaambia dada zake. Nilishona suti ya kijivu kwa fundi wa mtaa wa Mwanga. Siku bodi ilipokuja kutoka Dar es Salaam kutangaza, niliivaa, nikakaa safu ya mbele, na Mwenyekiti akataja jina la mwanamke wa ununuzi. Nikapiga makofi. Nilipiga kwa muda mrefu kuliko wote, hadi viganja vikauma, kwa sababu nilihisi watu wananitazama mimi, siyo yeye.

Jioni hiyo alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni.

"Baba Stela, najua ulikuwa unakitaka kile kiti," alisema. "Mimi siwezi kuendesha kiwanda bila mtu anayejua barabara na maji. Utakuwa naibu wangu?"

Nikasema ndiyo. Alipotoka, jambo la kwanza nililowaza ni kwamba sasa atakuwa analipwa kama yule mzee.

Alikuwa na tabia ya kufika kabla ya kengele na kusimama getini na wanawake wanaopanga sabuni kwenye maboksi. Wengi wao walitoka vijijini, na aliwaamkia kwa Kiha, "Mwakeye!", akiuliza mtoto wa huyu na mguu wa yule. Majina yote aliyajua. Mimi nilikuwa nimefanya kazi nao miaka kumi na nne na nilijua labda majina sita. Nilikuwa nikipita kando yao na kusema moyoni kwamba anajitafutia sifa.

Hakupenda maelezo. Ukimwendea na tatizo na kuanza hadithi, alikukata: "Nionyeshe." Mashine imekufa? Nionyeshe. Tairi zimeisha? Nionyeshe. Alikwenda na viatu vyake vya ofisini mpaka kwenye matope. Mawese hakuyapima kwa vifaa kwanza. Alichota kidogo, akasugua viganjani, akanusa, akasema kama yamechanganywa na maji au yamekaa sana juani. Binti wa maabara alipima baadaye kwa chupa zake, na kila mara majibu yalikuwa yaleyale. Nilijaribu kujifunza. Nilinusa viganja vyangu kwa siri kwa miezi, sikupata zaidi ya harufu ya mawese.

Lakini asidhaniwe kuwa malaika. Alikuwa mkali kwa madereva wangu kupita kiasi, na mara moja alimfukuza mmoja kwa kosa ambalo baadaye lilionekana si lake. Alimrudisha, ila hakumwomba radhi mbele za watu. Alipokasirika Kiswahili kilimkimbia, akatukana kwa Kiha tupu. Aliwahubiria wengine habari ya kula vizuri, halafu yeye mwenyewe alishinda na chai ya rangi na muhogo wa kuchoma, akila mlango ukiwa umefungwa kama mwizi. Na alikuwa mwoga wa maji. Mtu aliyeishi Ujiji miaka yote hiyo, ziwa likiwa mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni pake, hakupanda boti. Hata tulipopiga picha ya kumbukumbu ya kiwanda gatini, alisimama nyuma kabisa, karibu na malori. Sisi wa usafirishaji tulimcheka. Mimi nilicheka zaidi.

Kulikuwa na mambo mawili yaliyonikera tangu mwanzo. La kwanza ni nyumba. Yule mzee alikaa katika nyumba ya kampuni kule Bangwe, yenye veranda inayotazama ziwa. Meneja hakuhamia. Aliendelea kukaa kwake Ujiji, nyumba ya kawaida yenye kibaraza cha saruji. Nikawaambia watu kwamba bila shaka ile ya Bangwe ameipangisha na kodi anaweka mfukoni. La pili ni gari. Land Cruiser iliuzwa, na yeye akawa anaendeshwa kwenye pikapu kuukuu ya ununuzi, yenye mlango mmoja unaofungwa kwa kamba. Hilo nililiita maonyesho. Niliona anataka tuseme, tazameni Meneja wetu alivyo mnyenyekevu, huku akaunti yake ikinenepa. Haikunijia hata siku moja kwamba huenda hakupewa.

Mwaka wake wa nne, shehena kubwa ya sabuni ilizuiliwa ng'ambo, upande wa Kongo. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimetuma karatasi za shehena iliyotangulia. Nilivuka kwenda kurekebisha, nikakaa wiki nzima, nikagombana na kila mtu, nikarudi mikono mitupu. Aliponisikiliza hakupandisha sauti.

"Nionyeshe karatasi," alisema.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Kibirizi, kwenye mchanga, amevaa jaketi la kuokolea juu ya kitenge chake wakati boti lilikuwa bado halijapakia hata gunia. Midomo yake ilikuwa mikavu. Nikamwambia naweza kwenda tena.

"Wewe wameshakuchoka," alijibu, akapanda akishikwa mikono na watu wawili.

Mabaharia walinisimulia baadaye kwamba alitapika kuanzia ghubani mpaka ng'ambo. Alipofika, alikaa kwenye jiwe, akaomba chai, akainywa yote. Kisha alikwenda sokoni kuwatafuta wanawake waliokuwa wamelipia mzigo ule na kuusubiri. Aliingia nao ofisi ya forodha wakiwa kumi, akaweka karatasi sahihi mezani, akaeleza kwa upole kwamba kosa lilikuwa la upande wetu, wakakaa wote barazani kungoja. Siku ya tatu mzigo ulitoka. Alirudi na oda mpya, kubwa mara mbili ya ile.

Katika ripoti yake kwa bodi hakunitaja. Aliandika "hitilafu ya nyaraka, imerekebishwa." Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nililichukua kama njia ya kuniweka chini, ili kila nikimwona nikumbuke.

Faida kama ya mwaka ule ilikuwa haijawahi kuonekana kiwandani. Mwezi wa kumi na mbili bodi ilikuja, tukakusanywa uani, na lori likaingia na jokofu jipya, refu, limefungwa utepe mwekundu. Mwenyekiti alishika kipaza sauti.

"Mama yetu huyu amefanya kazi ya wanaume watatu," alisema. "Tumeona jikoni kwake kusipungukiwe."

Wanawake walipiga vigelegele. Meneja alisogea, akafungua mlango wa lile jokofu, akatazama ndani kulikokuwa kutupu, akaufunga taratibu. Akashukuru kwa maneno machache. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake na sikuona chochote usoni mwake, kwa sababu nilikuwa nalitazama jokofu. La kwetu lilikuwa limekufa tangu Pasaka. Nilipomsimulia mke wangu aliniuliza lina milango mingapi.

"Na hiyo ni zawadi tu," nikamwambia. "Bonasi yenyewe ni kitu kingine."

Nilikuwa na sababu ya kusema hivyo. Yule mzee wa suti hakuwa msiri. Kila mwaka alitutangazia kwamba mkataba wake unampa asilimia ya faida, na kwa asilimia hiyo alijenga nyumba mbili. Nikafanya hesabu zangu: faida ya mwaka ule, asilimia ile. Nilijenga ghorofa kichwani mwangu, nikampa Meneja, kisha nikamchukia kwa sababu ya ghorofa hilo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Simbo kuangalia mawese, yeye na mimi nyuma ya dereva. Tulipokaribia mjini aliniambia kwa sauti ya chini.

"Baba Stela, mume wangu hajainuka kitandani mwezi wa pili huu. Upande wa kulia wote hauna nguvu. Karakana ameifunga."

Mumewe alikuwa fundi wa injini za boti, mtu mchangamfu, mikono yake haikuisha grisi. Nikampa pole.

"Sijamwambia mtu kazini," aliendelea. "Sitaki waanze kunihurumia. Nimekwambia wewe ili siku nikichelewa ujue niko hospitali, unishikie."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Na kweli alipochelewa nilimshikia. Hilo nililifanya.

Miezi michache baadaye Mwenyekiti alikuja peke yake na akanialika chakula cha mchana katika hoteli moja kando ya ziwa. Tulikula samaki, kuhe wa kuchoma. Alisubiri mpaka nimenawa mikono.

"Mama ameandika barua," alisema. "Anataka alipwe kama mzee wetu yule, na asilimia ya faida kama yule. Wewe uko naye karibu. Ana shida gani?"

Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba analipwa kama yule mzee. Barua hiyo ingetosha kuniamsha. Lakini nilisikia neno moja tu, kwamba anataka zaidi. Nikamwona na jokofu lake, na ghorofa lake, na oda yake ya ng'ambo, anataka zaidi.

"Sijui shida," nikasema.

"Mumewe anafanya nini?"

"Ni fundi wa injini za boti."

"Anapata?"

"Fundi mzuri hapa kwetu hakosi kazi."

Hakuna neno hata moja katika hayo ambalo ni uongo ukilisimamisha peke yake. Nimejitetea kwa hilo mara nyingi. Mwenyekiti aliegemea kiti.

"Basi pale kuna vipato viwili. Na wewe?"

"Mke wangu yuko nyumbani. Watoto wanne."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akaagiza soda nyingine. Barua ya Meneja haikujibiwa. Mwezi uliofuata ilikuja barua yangu, ambayo sikuiomba, ikinipandishia mshahara "kwa kuzingatia majukumu ya kikazi na ya kifamilia." Meneja ndiye aliyenikabidhi, kwa kuwa zote zilipitia kwake. Aliisoma kabla ya kunipa. Lazima aliisoma. Akaniambia, "Hongera, unastahili," na akarudi kwenye mafaili yake.

Aliendelea na kazi miaka miwili zaidi, kwa bidii ileile. Hilo pia nililionea wivu, nisijue ninachokitazama. Aliandika barua ya pili. Kisha katika kikao cha bodi, mimi nikiwepo, aliweka kalamu mezani.

"Mkataba wangu unaisha Juni," alisema. "Nimeomba mara mbili nilipwe kama aliyekikalia kiti hiki kabla yangu. Sitaomba mara ya tatu."

Mwenyekiti akatabasamu. "Mama, tusifike huko. Sisi hapa ni familia."

"Familia yangu iko Ujiji," alisema Meneja. "Hapa niko kazini."

Juni ikafika, akaondoka. Wanawake wa maboksi walimchangia kitenge na sufuria. Wengine walilia. Yeye hakulia. Alinipa funguo, akanionyesha droo inayokwama na jinsi ya kuivuta, akapanda bodaboda mpaka kwake.

Kiti kikawa changu. Siku ya kusaini mkataba nilikuwa na sharti moja tu moyoni: nisilipwe chini ya mwanamke. Nikamwendea dada wa utumishi, nikamwambia kabla sijasaini nataka kuona mkataba wa aliyenitangulia. Aliacha kuandika.

"Unataka kuuona kweli?"

"Nataka."

Alileta mafaili matatu, la mzee, la Meneja, na langu, akayapanga mezani, akatoka akafunga mlango. Nilisoma nimesimama. Halafu nikakaa. Mshahara wa Meneja ulikuwa chini ya ule niliokuwa nalipwa mimi, naibu wake, baada ya ile nyongeza. Nyumba: hakuna. Gari: la idara ya ununuzi, kwa ruhusa. Kwa yule mzee pameandikwa asilimia ya faida. Kwangu pameandikwa asilimia ya faida. Kwake pameandikwa "zawadi ya mwisho wa mwaka, kwa kadiri bodi itakavyoona inafaa." Lile jokofu ndilo lilikuwa bonasi yenyewe. Mwaka mwingine, dada wa utumishi aliniambia baadaye, ilikuwa seti ya vyombo.

Nilisaini. Nilihamia Bangwe wiki iliyofuata.

Mtu angedhani wivu ungekufa siku ile. Ulihama tu. Sasa nilikuwa na mshahara, nyumba, gari na asilimia, na bado watu wakikwama mashineni niliwasikia wakisema, "Meneja angekuja kuona." Wakati huo Meneja nilikuwa mimi, kwa barua na kwa mhuri. Getini waliniita Bosi.

Sikumtafuta. Nilisikia kwamba ameenda kijijini Ilagala, ana mashine ya kukamua mawese na kikundi cha wanawake. Nikasikia imeharibika, nikasikia imetengenezwa. Nikasikia mumewe amefariki, nikatuma rambirambi kwa simu, siyo kwa miguu.

Kiangazi kilichopita bei ya mawese ilipanda, na kikundi kimoja cha Ilagala kikagoma kumuuzia wakala wetu. Mwenyekiti akanipigia.

"Nenda mwenyewe," alisema. "Wabane."

Sikuhitaji kuelezwa. Kila shilingi nitakayoikata kwenye bei inaingia kwenye faida, na kutoka kwenye faida inakuja kwangu. Nilijua ni kikundi cha nani. Nikajiambia labda hatakuwepo.

Alikuwepo. Alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya paa la mabati, karibu na mashine, wanawake kama kumi na tano wakiwa wamemzunguka na madumu yamepangwa nyuma yao. Alikuwa amekonda. Alivaa miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja. Sikupanga, lakini mdomo wangu ulisema wenyewe:

"Shikamoo, Meneja."

"Marahaba, Baba Stela. Stela hajambo?"

Tukaanza. Alitaja bei. Nikataja yangu. Alinieleza gharama ya dizeli, ya kubeba chikichi kutoka mashambani, ya kukaa siku tatu bila mashine. Nikasema kiwanda nacho kina gharama.

"Nionyeshe," alisema.

Sikuwa na cha kuonyesha. Alivua miwani, akaifuta.

"Wewe bonasi yako inatoka wapi?"

Wanawake wote walinitazama. "Kwenye faida," nikasema.

"Asilimia?"

"Asilimia."

"Kwa hiyo hapa hatujadili bei ya kiwanda. Tunajadili mfuko wako."

Alilisema bila ukali, kama mtu anayesoma kipimo. Nikamwomba tuzungumze pembeni. Tulisimama nyuma ya madumu, na nikamweleza. Nilimweleza chakula cha mchana kule hotelini, swali la Mwenyekiti, na jibu langu neno kwa neno. Nikamwambia nilijua mumewe hainuki, na bado nilisema fundi mzuri hakosi kazi. Nikamwambia nimeuona mkataba wake.

Hakuwa amejua. Nililiona hilo usoni mwake, na ndipo nilipotamani kurudisha maneno. Alishika ukingo wa dumu. Vidole vyake vilisogea kidogo, kimoja kimoja, kana kwamba anahesabu miezi.

"Mwaka ule," alisema, "ndio mwanangu wa pili alirudi kutoka chuo. Ada ilishindikana. Nilimwambia kiwanda kina hali mbaya. Niliona aibu kumwambia kwamba kiwanda kina hali nzuri, ila mimi ndiye sina."

Ndani, mtu alikuwa akisukuma pipa, likikwaruza sakafu.

"Ulifanya hivyo kwa nini?" aliuliza.

"Wivu."

"Wivu wa nini, Baba Stela? Nilikuwa na nini?"

Nikasema, "Nisamehe, Meneja."

"Msamaha leo sina," alisema. Akavaa miwani yake. "Naibu wako ni nani sasa?"

"Yule binti wa maabara. Aliyekuwa anapima mafuta."

"Mzuri. Mnamlipa kama ulivyokuwa unalipwa wewe ukiwa naibu wangu?"

"Hapana."

"Pungufu?"

"Pungufu."

"Kwa nini?"

Nikafungua mdomo. "Mumewe ana..." nikaanza, na nikanyamaza katikati. Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeondoa macho kwanza, akarudi kwenye benchi lake.

Nilisaini bei yake, yote. Wakati nasaini nilijua ninakata nini na kwa nani, na sitadanganya kwamba nilifurahi. Wanawake walipiga vigelegele, wakaleta maji ya kunawa, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka. Walikula wakimtania, wakimpokonya vipande, na yeye akiwatania pia, na mimi nilikaa mwisho wa mkeka nikiwatazama. Kwangu Bangwe hakuna anayekula na mimi hivyo. Mama mmoja wa upande wa Kongo, aliyechelewa kufika, alinielekezea kidole, akaniita baba kwa Kiswahili cha kwao.

"Meneja, na huyu papa ni nani?"

Alitafuna, akameza.

"Huyu alikuwa naibu wangu," alisema. "Kazi alikuwa anaijua."

Hakunitazama aliposema hivyo. Nilikuwa nimeingoja sifa hiyo tangu siku ya suti ya kijivu, na ilipofika ilikuja mbele ya watu wasionijua, kutoka kwa mtu ambaye hakunisamehe. Niliaga. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akaniambia njia ya mkato ina mashimo, akarudi kwa wenzake kabla sijawasha injini.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya kengele, nikaandika barua kwa Mwenyekiti kuhusu naibu wangu. Ilikuwa fupi. Nilieleza kazi anayoifanya, na mshahara niliolipwa mimi nilipokuwa nikiifanya, na nikaomba alipwe huo. Sikutaja kama ameolewa.